Siku Nilipompandishia Mzee Wanjala Doh

Mkicheka, chekeni polepole, kwa sababu mwenzenu bado sijapona. Hata nikipita mtaa wa Kandara hapa mjini nione vile vinanda vya watoto vya kuchezea vimepangwa nje ya duka, masikio yananishika moto na navuka barabara. Niliaibika mbele ya wazazi wa shule nzima hapa Jeddah, na wakati huohuo nikaaibika mbele ya ukoo mzima wa wakwe zangu kule Bungoma, na hakuna aliyenisukuma, nilijipalia makaa mwenyewe kwa kidole hiki hiki mnachokiona.

Ngoja niwaeleze nilifikaje hapo. Mimi kazi yangu ni dereva. Nilianza Riyadh nikiendesha gari la familia moja, kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, hakuwa mbaya, mkataba ukaisha salama, nikahamia Jeddah kuendesha basi la shule ya msingi ya kibinafsi (zile shule ambazo kisanduku cha chakula cha mtoto kina vyumba vingi kuliko pale Al-Mahjar ninapoishi na rafiki yangu Otieno). Sasa dereva wa basi la shule anafanya kazi asubuhi na adhuhuri, hapo katikati ni kungoja tu, wenzangu wanalala kwenye viti, mimi nikawa najipenyeza ukumbini kwa sababu kulikuwa na kinanda kikubwa cha umeme, nakaa nakipapasa kidogo kutuliza roho, maana nyumbani nilikuwa mpiga kinanda wa kanisa letu tangu nikiwa mdogo hata miguu haifiki chini.

Lakini hapa lazima niwatolee siri moja ambayo wapiga kinanda wengi wa makanisani kwetu wanaijua na hawatawaambia. Sisi kinanda chote hatukijui. Tunajua vibonyezo vyeupe. Vile vyeusi tunavipitia juu juu kama majirani tusiosalimiana. Mwimbishaji akianza wimbo juu sana au chini sana, wewe huhangaiki, kuna kitufe fulani kidogo tunakiita transpozi, unakibonyeza, kinanda chenyewe kinahama na Doh yake, ile sauti ya mwanzo ya do-re-mi, vidole vyako vinabaki palepale kwenye vyeupe na uso umeukunja ili watu wajue unafikiri. Halafu wimbo ukinoga, ubeti wa mwisho, unakibonyeza tena mara moja, chuup! Doh imepanda, kanisa zima linapanda nayo, kina mama wanapiga vigelegele, wazee wanasema kijana wa fulani ana kipaji. Kipaji ni cha waliotengeneza hicho kitufe, lakini sifa nilizipokea mimi kwa miaka mingi.

Basi mwalimu wa muziki wa shule akaenda likizo ya uzazi, na sherehe ya watoto ya majira ya kuchipua iko mlangoni (majira ya kuchipua, Jeddah! mimi sikuona kilichochipua isipokuwa jasho), na ndipo mwalimu mkuu, Madam Hanan, akanikuta ukumbini nimefumba macho nakipapasa.

"Wekesa," akasema, kwa ule mchanganyiko wetu wa Kiingereza na Kiarabu, "kumbe unajua muziki?"

"Najua, madam."

"Unaweza kufundisha darasa la tatu filimbi, mpaka siku ya sherehe?"

Filimbi zenyewe ni zile za plastiki zenye matundu, sijawahi kushika hata moja maishani. Nikasema, "Yalla, madam, hakuna shida."

Na mnajua kwa nini nilikubali haraka hivyo? Ni Nasimiyu. Nasimiyu ni mchumba wangu, na baba yake ni Mzee Wanjala, mwalimu mstaafu, mtu aliyehukumu mashindano ya muziki ya shule hadi akasahau namna nyingine ya kusikiliza, yaani hata msibani kwaya ikiimba anatikisa kichwa na kunong'ona kwamba sauti ya tatu imelala. Mzee huyu alikuwa amenikataa. Alisema, "Dereva wa Arabuni atamwendesha binti yangu mpaka wapi?" Nasimiyu aliposikia habari ya filimbi akakimbia kwa baba yake, "Baba, si dereva tena, ni mwalimu wa muziki," na Mzee akasema haya: siku ya sherehe atanisikiliza kwa simu ya video, akisikia kwamba najua kazi, wazee wetu waje wazungumze posa, asiposikia, mambo yaishe hapo na Nasimiyu asimtajie tena jina langu.

Kwa hiyo nilifanya kazi, jamani, msidhani nilicheza. Nota za mistari sizijui, lakini solfa naijua vizuri, nililelewa kwayo, nikawaandikia watoto ubaoni d, r, m, f, na kabla hawajagusa filimbi nikawaimbisha kwanza mpaka wimbo ukae kichwani, ulikuwa wimbo mdogo wa maua na vipepeo, nao wakaimba darasani, wakaimba kwenye foleni ya maji, wakaimba kwenye basi langu asubuhi na mchana mpaka mama msimamizi wa basi akaja na pamba za masikio. Kulikuwa na msichana mmoja, Lamar, hana meno mawili ya mbele, hewa inamtoroka filimbini, lakini ana masikio, huyo mtoto! Mwenzake akikosea kidogo anageuka na kumkemea, "Ghalat! Umekosea!" Nami nikamfanya kiongozi, awe anawahesabia wenzake kuanza. Siku za mwisho walikuwa wanapuliza pamoja, wanavuta pumzi pamoja, na mimi kwenye kinanda na vyeupe vyangu raha mustarehe, maana kwa bahati Doh ya filimbi zile ndiyo Doh ya vyeupe.

Siku ikafika. Madam alitaka kila atakayekuwa jukwaani avae nyeupe, nami sina kitu cheupe ila fulana za ndani, Otieno akaniazimia kanzu kwa rafiki yake Msudani, mtu mrefu, kanzu ikawa inafagia sakafu. Otieno ni mlinzi wa shule hiyohiyo, kwa hiyo yeye ndiye niliyemkabidhi simu. Nikamwambia aishike vizuri ili Mzee aone. Otieno, kwa akili zake nyingi, akaona kushika kutamchosha, akaifunga kwa utepe kwenye kile kishikio cha maikrofoni iliyokuwa mbele ya watoto, spika ya simu ikiwa wazi, akaniinulia kidole gumba.

"Omera, hapo Mzee atasikia kila kitu," akaniambia. "Hata ukimeza mate."

Ukumbi ulijaa. Kina mama upande huu, kina baba upande ule, na nyuma kabisa, ukutani, dada zetu wa kazi, Wakenya na Waganda, kila mmoja na mtoto wa bosi kiunoni. Nikiwa nasubiri kuitwa, Nasimiyu akanitumia ujumbe kwenye simu yangu ile nyingine ya zamani: "Baba amevaa tai. Ameshika kalamu. Ameita wajomba wote. Anasema kupiga kinanda si kubonyeza tu, anataka kusikia kama unaweza kugeuza Doh."

Hapo ndipo nilipopotea. Ningejibu "sawa" nikaendelea na wimbo tuliofanyia mazoezi, leo ningekuwa mtu na heshima zangu. Lakini nilisoma ule ujumbe nikatabasamu peke yangu. Kugeuza Doh? Si ndiyo kazi yangu! Nikaamua palepale: ubeti wa mwisho nitampandishia Mzee Doh mpaka kalamu imwanguke.

Tukaanza. Lamar akahesabu, filimbi zikaingia, na wallahi ilikuwa tamu. Ubeti wa kwanza safi. Wa pili safi. Kina mama wameinua simu wanarekodi, baba mmoja anajifuta macho, Madam Hanan mstari wa mbele ameweka mkono kifuani, na mimi pale kwenye kinanda nimekunja uso wangu wa kanisani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi hata sikungoja kusifiwa. Ubeti wa mwisho ukafika, nikapeleka kidole, chuup! nikapandisha.

Sasa nyinyi mnaosikiliza mmeshajua nilichosahau. Kanisani ukipandisha Doh watu wanapanda nayo kwa sababu mtu ana koo. Filimbi ya plastiki haina koo, ina matundu, na matundu yalitobolewa kiwandani na hayahami. Kinanda kikaenda juu, filimbi za darasa zima zikabaki chini, na sauti iliyotoka pale sijui niwaambie nini, mtoto mchanga kiunoni mwa dada mmoja kule nyuma aliangua kilio.

Mimi nikafikiri ni watoto hawajanielewa (eti!), nikabonyeza tena ili waisikie vizuri. Ikawa mbaya zaidi. Wao wakaona pengine hawasikiki, wakapuliza kwa nguvu zote. Nikasema nishushe basi, nikapapasa kitufe cha kushusha bila kuangalia, kwa sababu Madam ananitazama na mimi namtabasamia, na kidole kikaangukia kitufe cha jirani, ambacho ni cha midundo, na mdundo uliokuwa umewekwa pale ni ule nilioutengeneza mwenyewe kwenye zile saa zangu za kungoja, ule wa sifa, wa mbio, wenye ngoma na gitaa la besi. Ukumbi ukatetemeka. Watoto wakatazamana, halafu wakafanya kile ambacho mtoto yeyote mwenye akili timamu angefanya, wakaacha filimbi wakaanza kuruka.

"Ustaz, ghalat!" Lamar akapiga kelele ndani ya maikrofoni. "Ustaz, umekosea!"

Kwetu mambo yakiharibika jukwaani kuna dawa moja, unawaomba watu wapige makofi, kelele ya makofi inafunika yote, ukimaliza umeshajipanga. Na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukafunguka kwa Kiswahili mbele ya Waarabu wote wale:

"Makofi ya kilo mbili tafadhali!"

Wazazi wakanitazama tu. Lakini kule nyuma ukutani dada zetu walisikia lugha ya nyumbani, na wengine nadhani walikuwa hawajasikia mdundo kama ule tangu wapande ndege. Wakapiga makofi, wakapiga vigelegele, mmoja akamkabidhi mwenzake mtoto wa bosi akaingia katikati ya viti kiuno kikizunguka, na bibi mmoja wa Kijeddah pale mbele, kusikia vigelegele akadhani ni sehemu ya sherehe, naye akaviachia vya kwao, virefu, ulimi unacheza. Nusu ya kina mama wakamfuata. Madam Hanan alikuwa amesimama, ule mkono wa kifuani umehamia kichwani.

Nikaona hapa dawa ni kuzima. Nikainuka haraka, nikakanyaga kanzu ya Msudani, nikaenda mbele mzimamzima, mguu ukazoa waya wa umeme wa kinanda, plagi ikachomoka ukutani, na kila kitu kikanyamaza kwa ghafla. Nikawa nimepiga magoti katikati ya jukwaa. Na katika ule ukimya, kutoka kwenye spika kubwa za ukumbi, kupitia ile simu aliyoifunga Otieno kwenye maikrofoni kwa akili zake nyingi, ikatoka sauti ya Mzee Wanjala akiwa sebuleni kwake Bungoma, amekasirika kabisa:

"Nani huyo anaharibu Doh? Mwondoeni! Mwondoeni hapo watoto wapige!"

Watu wakaangalia dari. Madam akauliza kwa Kiarabu, "Nani anaongea? Anasema nini?" Na dada mmoja Mkenya kule nyuma, ambaye Kiarabu chake kumbe ni kizuri kuliko changu, Mungu amsamehe, akatafsiri kwa sauti, neno kwa neno, hakuacha hata moja.

Jamani, ule ukumbi ulicheka. Kina baba walicheka wakipiga mapaja, bibi wa vigelegele alicheka akashikwa na kikohozi, Otieno mlinzi, rafiki yangu, mtu ninayekula naye sahani moja, alicheka akakalia sakafu. Niliomba ardhi ipasuke, ikakataa. Nikakusanya kanzu kwa mikono miwili kama mtu anayevuka mto, nikatoka jukwaani nikajificha nyuma ya pazia, na plagi bado nimeishika, sijui niliichukua ya nini.

Nikiwa pale nyuma ya pazia nikamsikia Lamar. Hakungoja mtu. "Wahid, ithnen, talata," akahesabu, na filimbi zikaingia, zote, pamoja, bila kinanda, bila mimi. Wimbo mzima, mwanzo hadi mwisho, pumzi zao nazisikia zikivutwa kwa pamoja kama tulivyofanya kwenye basi. Ukumbi uliokuwa unacheka ukanyamaza kabisa. Walipomaliza watu walisimama wakapiga makofi, na mimi machozi yalinitoka, ya aibu na ya furaha, siwezi kuwaambia ya ipi yalikuwa mengi. Nilijua tu kwamba nimempoteza Nasimiyu.

Madam Hanan alinikuta hapohapo. Alitaka kukasirika, nilimwona akijitahidi, lakini kila akinitazama midomo ilimcheza.

"Halas, Wekesa," akasema mwisho. "Muziki mafi, hakuna tena. Kesho basi, saa zilezile."

Kwa hiyo nikarudi kwenye usukani, na darasa la tatu kila asubuhi wakipanda wananisalimia, "Kilo mbili, ustaz!" maana ndilo neno la Kiswahili walilolishika. Nasimiyu alipiga simu mara moja, akilia na kucheka kwa zamu, akasema baba yake alikata simu, akafunga kalamu, akaenda shambani, na tangu hapo hataki mtu amwongeleshe. Nikamwambia nimekosa, kama atatafuta mwingine nitaelewa. Akaniambia niache upuzi, lakini sauti yake haikuwa na nguvu, nami usiku na mchana nikawa mtu wa kukodolea simu.

Baadaye ndipo ukaja ujumbe wa sauti kutoka kwa Mzee mwenyewe. Niliuogopa, nikampa Otieno ausikilize kwanza, Otieno akasema, "Omera, sikiliza mwenyewe, mimi nishacheka vya kutosha." Nikaufungua. Mzee alikuwa anaongea kama yuko mezani kwenye mashindano, polepole, huku akigeuza karatasi.

"Nimesikiliza onyesho namba moja," akasema. "Mpiga kinanda. Mkono wa kushoto haukuwepo. Vibonyezo vyeusi havikuguswa hata kimoja, kijana, usidhani sikuona. Kugeuza Doh kwa kubonyeza kitufe ni wizi. Alama, hakuna. Onyesho namba mbili." Hapo akakohoa. "Watoto, filimbi, bila kinanda. Pumzi ya pamoja. Mwanzo wa pamoja. Mwisho wa pamoja. Nimefundisha maisha yangu yote na watoto wadogo kama wale kuvuta pumzi pamoja nimewapata mara chache sana. Nimemuuliza Nasimiyu ni nani aliwafundisha. Amesema ni wewe. Nikamwambia hapana, haiwezekani. Amesema ni wewe, kwenye basi." Nikasikia kuku wa pale kwao. "Wazee wako waje."

Nilipiga kelele mpaka majirani wa Al-Mahjar wakagonga ukuta.

Wazee wangu wamekwenda, wamekula, wamezungumza, na nawaapia mbele yenu wote kwamba kinanda sitakigusa tena mbele za watu, si cha shule, si cha kanisa, si cha kuazima, na mkiniona karibu nacho nishikeni mikono. Si kwamba nina hiari. Mzee aliliweka jambo hilo liwe sharti la posa, baada ya ng'ombe na kabla ya blanketi la shangazi, kwamba siku ya harusi bwana harusi akae mbali na kinanda. Habari ya ng'ombe wazee wetu waliipigania mpaka jua likazama, lakini ile ya kinanda, mjomba ananiambia, walishaikubali wote kabla Mzee hajamaliza kuisema.